Karavani Ndani ya Zizi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Paskali aliposikia aliuliza kama nitapewa saa ya ukutani na keki. Nilicheka pamoja naye, halafu nikaenda nyuma ya karakana, nikakaa juu ya tairi bovu, nikagundua kwamba sina huzuni hata kidogo. Kwa heshima ya kazi nilijifanya nina huzuni kwa siku mbili. Siku ya tatu nilichoka kujifanya.

Sababu mnaijua. Vumbi la puti, ule ugumu wa kusawazishia bodi tunaousugua, limekaa kifuani mwangu kwa miaka kumi na moja, na daktari alisema nichague kimoja, kifua au vumbi. Hakusema kwa maneno mazuri zaidi ya hayo. Sasa naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki pale Dongobesh, wewe Paskali na wewe Safari, na yeyote atakayekuja kusimama mahali pangu. Habari za vyeo hazimo. Karakana yenye watu watatu haina vyeo, ina mtu anayefungua mlango asubuhi na mtu anayechelewa.

Sikufundishwa kazi hii na mtu. Nilizaliwa Masieda, nikamaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sitayataja, na mjomba aliponiachia mashine yake ya kuchomelea nilijifunza kwa kuangalia video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mlango wa choo cha jirani. Niliutengeneza, nikaufunga, nikarudi nyumbani. Usiku wote sikuacha kufikiria kwamba upande wa chini kulikuwa na uwazi wa unene wa njiti ya kiberiti. Asubuhi nikaenda kuung'oa. Nilikaa nao siku nne. Kwa siku hizo nne jirani yangu, mzee wa kanisa, alikuwa anaimba nyimbo za kwaya kila akiingia chooni ili watu wajue kuna mtu. Mpaka leo nikisikia nyimbo zile naona aibu.

Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo tatizo langu, na limekuwa tatizo langu miaka yote. Siwezi kuachia kazi. Watu walinisifu kwamba nina mkono safi, na mimi nilipokea sifa bila kueleza kwamba haikuwa usafi, ilikuwa hofu. Niliamini kwamba kwa kuwa sikusoma kazi hii popote, siku moja mtu atakuja, ataangalia kiungo kimoja kilichopinda, na kusema, huyu si fundi. Kwa hiyo nilinyoosha kila kitu. Vifaa vyote nimewaachia, isipokuwa pima maji yangu ya futi mbili. Hiyo nimeondoka nayo. Ningewaachia mngeitumia kuchochea moto.

Tumetengeneza matela ya trekta, milango, mageti, bodi za gari zilizogongwa, na mara moja jeneza la chuma ambalo hatukuelewa kwa nini mteja alilitaka la chuma. Lakini kazi nitakayoieleza kwa kirefu ni ile ya mwisho, karavani la Mama Zuhura. Hamkuiona yote kwa sababu nilikuwa mbali nanyi tangu Juni hadi Agosti, na yale mliyoyasikia kwangu hayakuwa ya kweli yote.

Mama Zuhura mnamfahamu, yule mshonaji wa sare za shule aliyekuwa na chumba karibu na msikiti. Alikuwa analala humo humo, nyuma ya pazia. Mwenye nyumba alimwambia chumba kinatakiwa, awe ametoka mwisho wa Agosti. Binti yake ameolewa mbali. Ndugu aliyebaki ni kaka yake Jumanne, yuko Singida, na kaka huyo alishamwambia aje akae kwake. Mama Zuhura aliniambia hivi siku ya kwanza, akikata kitambaa bila kuniangalia:

"Kaka yangu ni mtu mwema. Lakini kule nitakuwa mgeni wa wifi mpaka nife."

Ndipo akasikia habari za karavani. Lilikuwa juu kule, upande wa msitu, kwenye uwanja wa Mzee Tluway. Wageni fulani wapima ardhi waliliacha zamani, kabla sijazaliwa, wakasema watarudi. Ni nyumba ndogo ya bati la alumini juu ya magurudumu mawili, yenye dirisha mbele na kitanda kinachokunjwa. Kwa miaka mingi lilikuwa banda la kuku. Mama Zuhura alielewana na mzee, akaniambia anataka mambo mawili tu: lisivuje, na liweze kuvutwa. Atakaa nalo Dongobesh, na siku za minada litavutwa hadi Gehandu na Getanuwas, cherehani ikiwa ndani.

Mambo mawili tu. Mimi nilisikia ishirini.

Karavani lilikuwa limezama kwenye udongo mpaka ekseli, kwa hiyo ilibidi nilitengenezee palepale. Mzee Tluway alinipa chumba cha kulala na uji asubuhi. Ni mzee mrefu, mkavu, aliyejenga nusu ya nyumba za kijiji kile kwa mikono yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama nikipanga bisibisi zangu kwa urefu juu ya gunia.

"Hizo ni za kuuza?"

"Hapana babu, ni za kufanyia kazi."

"Basi fanya."

Nilipotoa mabati, fremu ya ndani ilibomoka mikononi kama mkate. Mbao zote zilikuwa zimeoza. Hapo mzee ndiye alikuwa mwalimu. Alinionyesha jinsi ya kuchagua mbao za saiprasi kwa kuzigonga na kifundo cha kidole na kusikiliza, na jinsi ya kukata kiungo kinachojikaza chenyewe mbao inapokauka. Mimi nilikata, nikapima, nikakataa, nikakata tena. Yeye alikusanya zile nilizokataa na kuzitumia kurekebisha zizi lake. Kufikia mwisho wa Juni zizi lilikuwa zuri sana.

Baridi ya kule hamuijui ninyi wa chini. Ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa mpaka saa tano, manyunyu yanaingia kwenye kola, na chuma kinauma vidole. Nilivaa makoti mawili na soksi mikononi. Silikoni ya kuzibia ilikataa kushika, nikawa naiweka kwapani kabla ya kuitumia. Kila nilipomaliza kuziba paa nilinyunyiza majivu sakafuni, nikafunga mlango, nikapanda juu na keni la kumwagilia bustani na kulimwaga lote. Tone likianguka ndani linaacha kitobo kwenye majivu. Mara ya kwanza nilihesabu vitobo kumi na tisa. Mara ya pili saba. Wiki ya pili ya Julai nilifungua mlango, majivu yalikuwa laini kama unga uliochekechwa. Hakuna kitobo hata kimoja.

Sasa naungama. Jumapili ile Mama Zuhura alipiga simu kama kila Jumapili.

"Vipi mwanangu, bado linavuja?"

Nilikuwa natazama upande wa kushoto wa karavani. Mstari wa ribiti zinazoshika bati ulikuwa umepinda. Haukupinda sana. Ukisimama mbali huuoni, ukisimama karibu huuoni, ilibidi ulaze shavu kwenye bati na kufumba jicho moja.

"Bado kidogo, mama," nikasema.

Nilitaka wiki moja tu. Nilitoboa ribiti zote za upande ule, nikazipanga upya, nikaziba matundu, nikajaribu tena na majivu. Halikuvuja. Jumapili iliyofuata akauliza, nikasema bado. Sikuweza kusema kwamba nanyoosha mstari, maana angesema acha, na mimi sikutaka kuambiwa niache. Uongo wa kuvuja ulikuwa rahisi. Hakuna anayegombana na fundi juu ya tundu ambalo hajaliona.

Halafu ikaja rangi. Kwenye ukungu rangi haikauki, inapata weupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Niliipaka, nikaikwangua, nikaipaka, nikaikwangua. Mzee Tluway alikuwa anapita na ndoo yake ya maziwa, mpaka siku moja akasimama.

"Unataka joto?"

"Ndiyo babu."

"Joto liko kule." Akaonyesha zizi kwa kidevu. "Sisi tulikua tukilala na ng'ombe nyumba moja. Wao upande huu, sisi upande ule. Hatukuwa na blanketi na hakuna aliyeganda."

Zizi lake lina ukuta wa miti iliyokandikwa na paa la chini, na ng'ombe tisa wanalala humo. Ukiingia asubuhi ni kama umefungua tanuri lenye harufu. Majirani walikuja, tukatoa miti ya upande mmoja, maksai wanne wakafungwa nira, na karavani likatoka kwenye udongo kwa mlio mmoja mrefu. Magurudumu yalizunguka. Nilikuwa nimebadilisha beringi na kuzihofia kwa mwezi mzima, na zilizunguka tu. Wanaume walilisukuma hadi ndani. Mmoja akasema kumbe ng'ombe wa mzee sasa wana nyumba ya wageni.

Mpango ulikuwa mzuri. Mchana ng'ombe wako malishoni, napaka rangi zizi likiwa wazi na hewa inapita. Jioni wanarudi na joto lao. Tuliweka kizuizi cha miti kati yao na karavani, nami nilipima kwa kamba umbali wa shingo ya ng'ombe mkubwa kuliko wote, nikaongeza kiganja kimoja. Kabla ya kupaka niliosha bati lote kwa magadi, maana mafuta ya zamani na mavi ya kuku yalikuwa yamekamata, na magadi yanakata mafuta vizuri. Niliosha mara tatu. Nilitaka liwe safi kuliko lilivyotoka kiwandani. Kusuuza mara moja kulitosha, niliamini.

Rangi ilikauka. Upande wa kulia ulikuwa mzuri mpaka niliogopa kuugusa. Nikapaka wa kushoto, ule uliowaelekea ng'ombe, nikalala nikiwa na furaha.

Asubuhi mzee alikuja mlangoni kwangu. "Njoo uone."

Upande wa kushoto wote, kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, ulikuwa umelambwa. Mikwaruzo mirefu iliyopinda kama mawimbi, bati likionekana katikati, na manyoya ya ng'ombe yamegandia kwenye rangi. Kizuizi kilikuwa kimeinamishwa kama nyasi. Nilipima shingo, sikupima ulimi.

Lakini rangi haikuwa ya kwanza kunijia akilini. Nilifikiria sumu. Ng'ombe watatu walikuwa na midomo myeupe kwa rangi, na mmoja wao alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilikaa chini kwenye samadi nikamtazama yule ng'ombe. Sikula, sikunawa. Nilimwambia mzee kwamba akifa nitamlipa kwa kumfanyia kazi mpaka nizeeke. Mzee aliwanywesha maziwa na maji mengi, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, naye akatazama. Jua lilipopenya ukungu, karibu saa sita, taya la yule ng'ombe likaanza kwenda kushoto na kulia.

"Anacheua," mzee akasema. "Ameshakusamehe." Kisha akainuka, akagusa bati kwa kidole, akaweka kidole ulimini. "Uliosha na nini?"

"Magadi, babu."

Akashika nguzo. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Masieda."

"Masieda hawafugi?"

"Wanafuga."

"Na ng'ombe wa Masieda hupewa nini wakikosa chumvi?"

Kila mtoto wa kwetu amebeba magadi kupeleka kwa ng'ombe. Mimi mwenyewe nimebeba. Nilikuwa nimewaandalia sahani ya alumini yenye urefu wa futi kumi na mbili.

Alikuwa bado anacheka simu ilipolia. Haikuwa Jumapili.

"Mwanangu," Mama Zuhura alisema, "nimeona nisikusumbue tena. Kazi imekataa, si kosa lako. Nimemwambia kaka aje na kenta Jumamosi anichukue. Cherehani nimeshaifunga."

Ilikuwa Alhamisi. Nilisema, "Sawa mama." Nilisema hivyo, mtu mzima mwenye akili zake. Simu ikakatika. Nikamwambia mzee kwamba nitakwangua upande mzima nianze upya.

"Linavuja?" akauliza.

"Hapana."

"Mimi nakusikia kila Jumapili ukimwambia yule mama linavuja. Nikadhani labda ni jingine."

Alichukua ndoo yake akaenda. Ningependa kuandika kwamba nilifikiri kwa kina, lakini nilichofanya ni kukaa nikitafuta namna ya kusema ambayo ingeniacha bado fundi mzuri. Haikuwepo. Nikanawa uso, nikapanda bodaboda kushuka Dongobesh, na samadi kwenye sketi.

Chumba cha Mama Zuhura kilikuwa na marobota matatu na alama nyeupe ukutani mahali kabati lilipokuwa. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniletea kigoda. Sikukaa.

"Mama, karavani halivuji."

"Limeacha leo?"

"Liliacha Julai. Wiki ya pili."

Alikuwa amepiga goti akifunga kamba. Aliendelea kushika kamba ile.

"Na kila Jumapili?"

"Nilikuwa nanyoosha ribiti."

"Ribiti ndiyo nini?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya kidole, kitu kidogo kama mbegu ya papai.

"Kwa hiyo mimi nimeaga watu," alisema polepole, "nimemuaga imamu, nimeaga wateja wangu wa miaka kumi na nane, kwa sababu ya hiyo."

"Ndiyo mama."

"Eliza, toka nje kidogo. Nisije nikasema neno ambalo sitaweza kulirudisha."

Nikatoka, nikasimama ukutani. Upepo ulikuwa unapeperusha mifuko barabarani. Nilisikia robota likiburutwa, kisha robota likiburutwa tena kurudi mahali pake. Nilikuwa nimeogopa maisha yangu yote kwamba mtu atagundua mimi si fundi. Sasa mtu alikuwa amegundua jambo baya zaidi, na cha ajabu mabega yangu yalishuka. Ni kama nilikuwa nimebeba jeki miezi miwili na mtu akanikumbusha niiweke chini.

Alifungua mlango akiwa na simu sikioni. "Kaka, njoo vilevile Jumamosi. Hapana, siji. Kenta lako lina ndoano ya kuvutia nyuma? Basi." Akakata, akaniangalia. "Una siku mbili. Ole wako nikute unanyoosha kitu."

Nikarudi juu kwa mzee, tukalitoa zizini, nikapaka upande wa kushoto kwa brashi, mara moja tu, nje, kwenye jua la saa nane ambalo mzee alidai amelipigia simu. Mikwaruzo ya ulimi ilionekana chini ya rangi. Niliiacha. Iliniuma kama jino, nikaiacha.

Jumamosi yule kaka, Jumanne, mtu mnene, mpole, na kaka hasa, alifika na kenta akiwa na dada yake. Alizunguka karavani, akasimama upande wa kushoto.

"Haya maua ni mtindo wa sasa?"

"Ni ng'ombe," Mama Zuhura akamjibu, na kupanda ndani kujaribu kitanda. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka hakunisifu. Alimwambia kaka yake aendeshe polepole kwenye kona, kuna nyumba ya mtu nyuma. Mzee Tluway alimpa kibuyu cha maziwa, akanipa mimi mkono, akasema nikirudi nije na msumeno, vile vingine niache. Nilikaa kwenye kenta kati ya kaka na dada, na njia yote wao walizungumza habari za wifi, kwa upendo mdogo kuliko nilivyotegemea.

Wiki iliyofuata ndipo niliwakabidhi funguo. Mnajua sasa kwa nini sikutaka kusimulia siku ile. Ushauri wa kazi ninaowaachia ni mchache: vaeni barakoa za kweli, si kanga, suuzeni mara tatu, na mteja akisema anataka mambo mawili, yaandikeni ukutani, yakitimia mpeni kitu chake. Mengine ni yenu, si yake.

Mvua ya kwanza ilinyesha Novemba, nikiwa Katesh kwenye duka la mbegu la shangazi. Ilinyesha alfajiri, ya nguvu, mpaka mlima haukuonekana. Kulipopambazuka nilimpigia Mama Zuhura. Hakupokea. Nikapiga tena. Akilini niliona vitambaa vya sare vikielea, niliona cherehani na kutu. Mara ya tisa nikaacha nikampigia Paskali, nikamwomba aende akaangalie.

"Mimi ndiyo mlinzi wa mvua?" akasema, lakini akaenda. Nilisikia viatu vyake kwenye tope, nikasikia akigonga bati, akigonga tena, kisha mlango.

"Uliza kama limevuja," nikamwambia.

Akauliza. Kulikuwa na maneno ambayo sikuyashika, na mtu anapiga mwayo.

"Anasema ametoka kuamka sasa hivi."

"Muulize kuhusu mvua."

Paskali akauliza.

"Anauliza, mvua gani?"